Amepumzika Kando ya Ziwa

"MWILI UTAFIKA LINI. JONAH."

Muli aliisoma telegramu ile, akaisoma tena, kisha akaigeuza nyuma kana kwamba maneno mengine yamejificha huko. Hakukuwa na kitu. Akamtazama Muktar, aliyekuwa ametoka kuichukua chuoni mjini. Bado alikuwa na koti mwilini, na bado anahema kwa kupanda ngazi za mawe kutoka ziwani.

"Mwili wa nani?" Muli akauliza.

"Nilitaka wewe uniambie. Jonah ni ndugu yako, si wangu."

"Ama ni mama amekufa?"

"Warya, bwana wee, mama yako akifa kule Ukambani, ndugu yako atauliza mwili utafika lini kutoka China?"

Wakanyamaza. Na usiombe kunyamaza katika kijiji kile. Nyumba chache za paa jeusi, ziwa limelala kama sahani, ukungu asubuhi, ukungu jioni, hata mbwa wake hawakuwa na neno la kusema. Muli alikuwa mtu wa Nunguni, mtoto wa boma ambalo chai haijawahi kupikwa ya mtu mmoja. Kimya kilimkaa kama koti la mtu mwingine.

Mwaka ulikuwa 1987. Yeye na Muktar, kijana wa Kisomali kutoka Mwingi, walikuwa wamepelekwa China kusomea mabwawa na ufugaji wa samaki. Baridi ya chuoni ikamshika Muli mapafu. Akalazwa. Alipopata nafuu, daktari akasema apelekwe kijijini kando ya ziwa, akae kitako, ale, alale, asifikirie lolote. Muktar akaenda naye amwangalie, pamoja na Bwana Lu, mkalimani wao, Mchina aliyejifunza Kiswahili darasani mpaka akakijua kuliko wenyewe. Ulikuwa mwezi wa pili sasa wanakunywa uji wa mchele wa Bibi Shen mwenye nyumba, na kutazama maji.

"Muktar," Muli akasema taratibu. "Ile telegramu uliyowapelekea watu wetu nilipokuwa nimelala. Uliandika nini?"

"Niliandika vizuri. Kwa kifupi tu, maana kila neno linalipiwa."

"Sikuuliza bei. Uliandika nini?"

Muktar akafumba macho, akaisoma kutoka kichwani: "Muli amepumzika kijijini kando ya ziwa. Mahali pazuri pa kimya. Msiwe na wasiwasi. Muktar."

Muli akaketi juu ya ngazi.

"Amepumzika?"

"Si ulikuwa unapumzika?"

"Anapumzika, Muktar. Anapumzika ni mtu ana kikombe cha chai mkononi. Amepumzika ni marehemu."

Bwana Lu, aliyekuwa akimenya yai pembeni, akatia neno. "Lakini, ndugu Muli, kamusi inasema kupumzika ni kuacha kazi kwa muda."

"Kamusi yako haijawahi kufiwa, Bwana Lu."

Muktar alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya sokoni, ya kuuzia mbuzi, na mbuzi hawafi kwa maneno ya heshima.

"Na nikawaambia msiwe na wasiwasi," akanong'ona.

"Ukawafariji kabisa. Hii telegramu ya Jonah ilifika lini?"

"Imekaa chuoni zaidi ya mwezi. Hakuna aliyejua tuko wapi."

Zaidi ya mwezi. Muli akaanza kuiona nyumba yao: mama yake, Kaluki, sakafuni, wanawake wa kanisa wamemzunguka. Jonah anangoja jibu, jibu haliji, mwisho wanasema basi, Wachina wamemzika huko huko. Halafu akamwona Nthenya, na hapo kifua kikabana kuliko siku za homa.

"Yule msichana wako," Muktar akasema, kama aliyemsoma. "Ulipeleka mbuzi?"

"Nilisema nikirudi."

"Hata mmoja?"

"Nilisema nikirudi, Muktar."

Muktar akatikisa kichwa. Familia yao ilikuwa imewauzia Wakamba mbuzi miaka na miaka, akazijua mila zao kwa kwato. Kwa Wakamba, mbuzi watatu wa ntheo ndio ndoa yenyewe. Wakichinjwa na kuliwa kwao binti, binti ameolewa. Wasipoliwa, hata mngependana namna gani, huna mke.

"Basi huyo hana mume aliyekufa," Muktar akasema. "Ana rafiki tu aliyekufa. Mtu yeyote mwenye mbuzi tatu anaweza kugonga mlango."

* * *

Simu ilikuwa ng'ambo ya ziwa, katika ofisi yenye benchi refu. Walikaa hapo mpaka matako yakafa ganzi, wakiunganishiwa mji mmoja hadi mwingine, hadi Nairobi, hadi milima ya Nunguni, hadi soko dogo la chini ambako simu ilikuwa moja tu, ndani ya duka la Ndululu. Hata telegramu za eneo lile zilisomwa kwa simu hiyo, yeye akaandika, akapeleka. Muli alifurahi. Ndululu alikuwa mtu wake, wameimba kwaya moja tangu ujana.

"Haloo. Ndululu?"

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Muli. Muli wa Kaluki."

Waya ukavuma. Redio ya dukani ilikuwa ikiimba, na Muli akasikia mtu akiipunguza.

"Ndululu, unanisikia? Sikufa. Muktar alikosea neno. Niko hai, hapa ninapoongea nimeshiba."

"Nakusikia."

Mbali kidogo, sauti ya mwanamke ikauliza, "Ni nani huyo unamwongelesha polepole hivyo?"

"Ni mtu wa sukari," Ndululu akajibu, mdomo ukiwa mbali na simu.

Muli akacheka. "Kwani ukiniita kwa jina utavunja nini?"

"Watu ni wengi dukani. Wataanguka. Acha nitafute namna."

"Sawa. Mwambie mama. Mwambie Jonah. Na Nthenya, tafadhali, mwambie leo leo. Yukoje?"

"Analia tu."

"Mwambie nakuja."

"Usiwe na haraka. Mapafu si kitu cha kuchezea. Wewe kaa huko, ndugu yangu." Ndululu akavuta pumzi. "Pumzika, Muli. Pumzika kabisa."

Waya ukakatika.

Wakirudi kwenye mashua, Muli alikuwa mwepesi kama aliyetua gunia. Muktar hakucheka.

"Ulipomwambia uko hai alisema nini?"

"Alisema ananisikia."

"Hakupiga kelele? Hakumtaja Mungu?"

"Ndululu si mtu wa kelele."

"Warya, mbuzi wangu mmoja akifufuka, mtaa mzima utajua. Wewe ni mtu mzima umefufuka, na yeye anapunguza redio."

"Una roho mbaya, Muktar."

"Inawezekana."

Siku zikapita, nzuri, za kula na kulala. Bibi Shen akampikia supu ya bata, akambandika mgongoni vikombe vya moto vya kuvuta baridi. Bwana Lu akamfundisha mchezo wa mawe meusi na meupe. Kila asubuhi mvuvi mmoja alipita na ndege wake weusi wenye shingo ndefu. Aliwafunga uzi kooni kabla ya kuwashusha majini. Ndege anapiga mbizi, anapata samaki, anajaribu kummeza, hashuki. Mvuvi anamkaba, anamtapisha, anamrudisha majini.

"Mbona hawatoroki?" Muli akauliza.

Bwana Lu akamwuliza mvuvi, akarudi na jibu. "Anasema kila mara wanadhani safari hii watameza."

Kutoka nyumbani hakikuja kitu. Si telegramu ya mama, si ya Jonah, si neno moja la Nthenya, mwanamke ambaye akiona nyoka njiani lazima atafute watu kumi wa kuwasimulia. Supu ikaanza kumkwama Muli.

"Tupigie mtu mwingine simu," akasema siku moja, bila kumtazama Muktar usoni.

"Nilikuwa nangoja useme."

* * *

Sahara, dada yake Muktar, alikuwa na hoteli ya chai na zizi la mbuzi kando ya barabara ya Mombasa, pale Malili, na simu ukutani kwa ajili ya madereva. Sauti yake ilifika kama yuko chumba cha pili.

"Muktar? Pole sana, nasikia Mkamba wako alikufa."

"Yuko hapa, Sahara. Amesimama kwenye mguu wangu."

Sahara akashtuka. "Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu. Tulipiga simu kuwaambia. Huko mmesikia nini?"

"Mpe simu."

Muli akaichukua. "Mama Sahara, habari."

"Wewe ndiye Muli?"

"Ndiye."

"Sikiliza basi, ndugu yangu, na ushike kitu. Nimeuza mbuzi tatu za ntheo wiki hii. Mnunuzi ni yule mwenye duka la chini ya Nunguni, mweupe mweupe, anaongea kama anasali. Alichagua mbuzi zangu kama anachagua macho yake. Sikio likiwa na kovu, hataki. Kwato ikiwa na ufa, hataki. Nikamtania, nikamwuliza ni malkia gani huyo. Akasema ni binti wa mzee Kivuva, yule aliyefiwa na mtu wa China."

Muli alishika ukuta.

"Wanachinja Jumamosi ya wiki ijayo," Sahara akamaliza. "Si uongo wangu, nimeuza kwa mkono huu."

"Nthenya amekubali?"

"Mimi nauza mbuzi, sijui ya moyoni. Lakini mwanamume hanunui mbuzi wa namna ile kwa kubahatisha."

"Sahara, mlete kwenye simu. Tafuta uongo wowote."

"Uongo wa nini? Nina leso za maharusi. Nitamwita aje achague."

* * *

Keshokutwa yake, benchi lile lile. Muli alikuwa amejipanga maneno usiku kucha. Simu ilipomfikia, yote yakatawanyika.

"Haloo," Nthenya akasema.

"Nthenya, usikate."

Mvumo wa waya, kama mvua ya mbali.

"Sahara, ni nani huyu?"

"Sikiliza tu, mama," sauti ya Sahara ikasema.

"Ni Muli."

"Muli amepumzika," Nthenya akajibu, polepole, kama mtu anayemwelekeza mtoto aliyepotea njia.

"Sijapumzika. Muktar alikosea kuandika."

"Uko wapi?"

"Niko hapa kando ya ziwa."

"Ndivyo telegramu ilivyosema. Unataka nini kwangu? Nimekulilia. Nimevaa nyeusi na hakuna aliyeniita mjane. Mama yako amekuchimbia kaburi pale nyuma ya nyumba, liko wazi, linangoja mwili ambao hauji. Sasa unafuata watu kwenye simu. Unataka nini kingine?"

Muli akatafuta la kuapia. Mwisho likatoka la kijinga kabisa.

"Unakumbuka kwaya tukitoka Kambu kwenye lori? Ulilala kwenye bega langu ukakoroma mpaka dereva akasimamisha gari kuangalia injini."

Muli akasikia glasi ikiwekwa mezani kule hotelini.

"Nikamwambia ni gunia la mahindi linateleza," Muli akaongeza. "Sijamwambia mtu mwingine mpaka leo."

Kitu kikapasuka upande wa pili. Hakujua kama ni kicheko au kilio.

"Muli."

"Ndiyo."

"Wewe ni mjinga."

"Ndiyo."

"Mjinga sana." Sasa alikuwa akilia wazi. "Mbona hukupiga simu?"

"Nilipiga. Nilimpigia Ndululu. Hakukwambia?"

"Lini?"

"Siku nyingi. Kulikuwa na mwanamke dukani, akauliza ni nani, Ndululu akasema ni mtu wa sukari."

Muli akamwita. Akamwita tena.

"Alikuwa ni mimi," Nthenya akasema mwishowe. "Nilikuwa nimeshika pakiti ya chumvi. Muli, nilikuwa nimesimama pale pale."

Muktar, aliyekuwa amebandika sikio karibu na simu, akaondoka akaenda kusimama mlangoni.

"Umemkubali?" Muli akauliza.

"Nimemkubali."

"Unampenda?"

"Alikuwa anakuja anakaa. Hasemi kitu. Wengine wote walinihubiria, yeye alikaa tu. Mtu akikaa na wewe kimya unadhani ni wema." Akavuta makamasi. "Sasa nifanye nini? Nikienda nyumbani niseme nimeongea na wewe, watasema kichwa kimeruka. Na yeye ndiye atasema wa kwanza, kwa ile sauti yake ya huruma. Njoo na miguu yako."

"Na nisipowahi?"

"Jumamosi baba ataniuliza mbele ya wazee kama mbuzi zile ziliwe. Anauliza mara moja. Nikinyamaza, nimekubali."

"Nthenya, sema hapana."

"Niseme hapana kwa sababu ya simu? Sikuoni, Muli. Nasikia sauti tu. Hata sasa sina hakika..."

Waya ukafa. Karani akapandisha mabega.

* * *

Bwana Lu aligonga milango ya ofisi hadi akawapatia nafasi mbili kwenye ndege iliyokodiwa na watu wengine. Bibi Shen akamfungia Muli mayai ya bata kwenye kitambaa, akasema neno refu.

"Anasema urudi siku nyingine upumzike," Bwana Lu akatafsiri, halafu akaona aibu. "Samahani. Nimeandika maana ya pili pembeni ya kamusi."

Walishuka Nairobi Jumamosi alfajiri. Pale Malili, Sahara alikuwa ameshawasha lori la mbuzi. Akampa Muli chai, akamkagua juu hadi chini kama anayetafuta kovu sikioni.

"Umekonda kwa maiti iliyopumzika. Panda."

Milima ya Nunguni ilikuwa na ukungu siku hiyo, mpaka Muli akahisi hajaondoka ziwani. Kwenye kona moja mwanamke aliyebeba mtungi wa maji alimwona dirishani. Hakupiga kelele. Aliutua mtungi chini, akaanza kutembea kinyumenyume, macho kwake, mpaka ukungu ukammeza.

"Twende haraka," Muli akasema.

Boma la mzee Kivuva lilikuwa limejaa. Wazee kwenye mabenchi, wanawake jikoni na sufuria zao, mbuzi watatu wamefungwa chini ya mparachichi, kisu kimeshanolewa. Muli na Muktar wakaingia kwa nyuma, wakasimama nyuma ya ghala. Kupitia upenyo Muli aliona mgongo wa Ndululu katika suti ya kijivu, na Nthenya mbele ya baba yake, mikono ameifungia tumboni.

"Nthenya, mwanangu," mzee Kivuva akasema. "Mbuzi wa watu hawa hapa. Tule?"

"Baba, kabla sijajibu nina swali kwa Ndululu."

"Swali la nini tena?" shangazi mmoja akanung'unika.

"Mwacheni aulize," mzee akasema.

Nthenya akageuka. "Ndululu, tangu ile telegramu ya kifo, umewahi kusikia lolote kutoka China?"

"Tusifungue kidonda siku ya leo, mpenzi."

"Sikuuliza kidonda. Nimeuliza kama umesikia."

Ndululu akainamisha kichwa, kwa ile sauti ya kusali. "Sijasikia. Aliyepumzika amepumzika."

Muli akatoka nyuma ya ghala.

Kikombe kilianguka mahali fulani. Benchi la wazee likarudi nyuma lote kwa pamoja. Mama mmoja wa kanisa akaanzisha wimbo, ukamkauka kooni. Nthenya alimtazama Muli kana kwamba anahesabu viungo vyake, hakusogea hata hatua.

Mzee Kivuva peke yake hakuinuka. "Wewe ni nani?"

"Ni Muli, mzee. Muli wa Kaluki."

Mzee akachukua kibuyu cha uji miguuni pake, akamnyoshea. "Kunywa."

Muli akanywa. Boma zima lilimtazama koo.

"Uji umeshuka," mzee akasema. "Ni mtu. Ndululu, unaona mgeni wetu?"

Uso wa Ndululu ulikuwa umekuwa rangi ya suti yake. Lakini mtu wa duka ni mtu wa duka, akajikusanya.

"Wazee wangu, nitasema ukweli. Simu ilipigwa. Sauti ikasema ni Muli. Nyinyi semeni wenyewe: kaburi limechimbwa, mama amelia hadi sauti imemwisha, halafu simu inalia na marehemu anataka salamu zifike kwa mchumba. Mungefanya nini? Nilidhani ni pepo. Nikaogopa kumwambia mtu. Nikaliambia lipumzike." Akainua macho. "Mtu aliyekufa mungemwambia nini kingine?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema, "Hapo kuna neno." Mwingine akakubali kwa kichwa. Muli akahisi ardhi inamponyoka, maana maneno yale yale aliyoambiwa yalikuwa yamegeuzwa kama shati, na shati lilimkaa Ndululu vizuri.

"Siku hiyo mimi nilikuwa wapi?" Nthenya akauliza.

"Sikumbuki."

"Nilikuwa mbele yako, nimeshika chumvi. Nikakuuliza ni nani unayeongea naye. Ukanijibu nini?"

Ndululu akalamba midomo.

"Mwambie baba. Ulisema ni nani?"

"Mtu wa sukari," akasema, kwa sauti ndogo.

"Pepo likikupigia simu unaliita mtu wa sukari? Aliyeogopa pepo angetupa simu akimbie. Wewe ulipunguza redio ili umsikie vizuri."

Hakuna aliyesema hapo kuna neno.

Ndululu akamgeukia yeye tu, kama wengine wote wameondoka. "Nthenya, nilikupenda kabla yake."

"Basi ungeniambia kabla yake."

Mzee Kivuva akafanya ishara kwa mkono, na mbuzi wakafunguliwa. "Chukua wanyama wako. Ungekuja kwangu ukasema, mzee, Muli yuko hai lakini nipe binti mimi, ningekusikiliza. Wanaume hushindana. Wewe ulitaka kushindana na kaburi."

Ndululu akawaswaga mbuzi watatu mbele ya watu wote, na suti yake ile, na mmoja akawa mkaidi ikabidi ambebe. Siku nyingine yoyote watu wangecheka.

"Na wewe," mzee akamwambia Muli. "Usisimame hapo kama umeshinda. Mbuzi zako ziko wapi?"

"Sina, mzee."

"Umekunywa uji wangu miaka, ukaenda ng'ambo bila kuacha hata kwato moja zizini. Ulimwacha binti yangu mahali ambapo mtu yeyote angemwokota. Nenda kwa mama yako. Kuna shimo kule lina jina lako. Likizibwa, uje tuongee."

* * *

Kaluki hakulia. Alimshika mwanawe masikio yote mawili, akamvuta chini, akamnusa utosi.

"Mwaitu, mama," Muli akasema.

"Una njaa?"

"Ndiyo."

"Basi kata mgomba kwanza. Kaburi halizibwi tupu. Nitapika ukimaliza."

Shimo lilikuwa nyuma ya nyumba, limeanza kuota majani pembeni. Muli na Muktar wakashusha mgomba ndani. Alipoinua uso, Nthenya alikuwa amesimama ng'ambo ya shimo, ameshika sepetu. Muktar akakumbuka kuwa lori linahitaji maji, akaondoka.

Nthenya alitupa udongo wa kwanza bila kusema. Halafu akasema, macho chini, "Nilikuwa nimeanza kukuzoea ukiwa umekufa."

"Na sasa?"

"Sasa sijui. Nikikutazama naona shimo kwanza, ndio nakuona wewe."

"Nitangoja."

"Usingoje ukiwa umenyamaza. Nimechoka na watu wa kunyamaza. Ongea."

Basi Muli akaongea. Akamweleza Bwana Lu na kamusi yake, vikombe vya moto mgongoni, ndege weusi na uzi kooni, uji usio na sukari wala maziwa. Akaongea hadi jasho likamtoka, na hadi majirani waliosikia kwamba marehemu amerudi wakaanza kujaa uani, wakachungulia, wakaogopa kukaribia. Mara moja Nthenya alikaribia kucheka. Hakucheka, lakini alikaribia.

Udongo wote ukaisha, na katikati pakabaki bonde.

"Mvua italijaza," Muli akasema.

"Hapana. Sitaingia kwenye nyumba hii nikiwa naliona." Akachukua karai, akatazama chini kule shambani kwenye udongo mwekundu. "Njoo."

Karai likijaa lilikuwa zito kwa mmoja. Wakapanda nalo kilima, kila mmoja kashika upande wake, watu wakiwapisha njia, na Muli akiendelea kuongea.